Nadhir bin Musabbah, Aliyerudi Ibra kutoka Bendera ya Kazi

Wazee wetu, ndugu zetu, na nyinyi kina mama mnaosikia kwa kipaza sauti kutoka upande wa ndani, asalaam aleikum. Leo ni siku ya tatu ya matanga ya Nadhir bin Musabbah bin Amour. Wasifu huu ameupiga chapa dada yetu Kazija, na nakala mnazo mikononi. Anayeusoma ni mimi Marhoun, mdogo wake marehemu.

Wapo waliotushauri tuiruke miaka yake ya Marekani. Walisema: semeni alisoma, akafanya kazi, akarudi kwao, yatosha. Mama yetu, Bibi Mahbouba, alikataa. "Mtu kafa na miaka arubaini na mitano," alisema, "nyinyi mnataka kumkata kumi na tisa? Basi huyo mtakayemsoma si mwanangu." Na ipo sababu nyengine. Siku ya mazishi, pale pale kaburini, mtu mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mkomunisti haswaliwi. Simtaji jina. Namwomba tu asikilize mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1942, Mkunazini, mjini Unguja. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Musabbah bin Amour, aliyetoka hapa kwetu Ibra, Oman, akiwa kijana, na Bibi Mahbouba binti Thuwaini. Baba yetu alikuwa fundi saa. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango mmoja, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kupanga. Nayataja haya kwa makusudi, maana baadaye marehemu alifundishwa na watu wasiopata kumwona baba yetu kwamba Musabbah alikuwa kabaila.

Alisoma chuoni, akahitimu Kurani akiwa mdogo, kisha akasoma skuli ya msingi na ya sekondari pale pale mjini. Alikuwa hodari wa hesabu na hodari zaidi wa kusema. Mama anakumbuka siku alipomtuma samaki, akarudi amelipa zaidi ya bei aliyoambiwa. Alipoulizwa, akajibu kwamba muuzaji amesimama juani tangu asubuhi na miguu yake imevimba. Mama akamwambia, "Haya, kesho kauze wewe, mimi nije nikuonee huruma." Nyumba nzima ilicheka siku ile. Nadhir hakucheka. Alikuwa na miaka kumi, na jambo lile kwake halikuwa mzaha.

Septemba 1962 alikwenda Marekani kwa msaada wa masomo, kusomea uhandisi katika chuo kimoja cha Ohio. Januari 1964 Unguja ikapinduka. Nyinyi mliokuwepo hamhitaji kuelezwa. Baba alifungwa, duka likavunjwa, saa za watu zikachukuliwa pamoja na zetu. Alipotoka jela alikuwa hawezi kushika koleo, vidole vinatetemeka. Tulipata meli, tukafika Dubai, na huko ndiko alikofariki na kuzikwa mwaka 1966. Nadhir aliipata habari baada ya miezi. Msaada wake wa masomo ulikuwa umekatika, pasi aliyokuwa nayo ilikuwa ya nchi isiyokuwepo tena, na chuo hakikuweza kuendelea kumweka. Akahamia Detroit, akapata kazi katika kiwanda cha kuyeyusha chuma. Alikuwa na miaka ishirini na nne, hana ndugu hata mmoja bara lile zima.

Hapo ndipo walipompata.

Aprili 1967 marehemu alijiunga na chama cha kikomunisti kilichojiita Bendera ya Kazi. Nataka niseme kwa uadilifu: watu wale walimlisha. Alipougua kifua baridi ya kwanza, waliomletea supu ni wao. Yeye mwenyewe alituambia, "Mngenikuta mwaka ule mkanipa supu nyinyi, ningejiunga na nyinyi." Lakini supu ile ilikuwa na masharti.

Kilikuwa chama kidogo, kilichojitenga na chama kikubwa zaidi cha kikomunisti kwa sababu kile kikubwa kilifuata Moscow na wao walitaka kufuata Peking, kwa Wachina. Imani yao, kama alivyotueleza, ni kwamba dunia ni matabaka mawili, wenye mali na wenye jasho. Kwamba serikali yoyote ni rungu la tabaka moja juu ya jengine. Kwamba wafanyakazi lazima wainyakue serikali kwa nguvu, wawatawale wenye mali mpaka wamalizike, kisha serikali itanyauka yenyewe na watu watakuwa sawa. Nilimuuliza, "Itanyauka lini?" Akasema walikuwa hawapendi swali hilo. Baba yetu aliiona serikali ya namna hiyo kwa macho yake. Hakuiona ikinyauka. Aliiona ikinenepa.

Chama kilimfundisha kwamba yaliyompata baba yake yalikuwa haki ya historia. Alipewa kazi ya kusimama mbele ya wenzake na kuikosoa asili yake. Akasimama, akasema, "Mimi ni mtoto wa kabaila." Mtoto wa fundi saa! Alituhadithia haya akiwa ameinamisha kichwa, na mama akamuuliza, "Hukuwaambia kama tulikuwa twapanga?" Akajibu, "Niliwaambia, mama. Walisema fikra za kikabaila hazihitaji nyumba."

Sasa habari ya chaguzi zao, maana humo ndimo marehemu alimotia nguvu zake nyingi. Mwaka 1968 chama kilitangaza kwamba uchaguzi ni ulaghai wa matajiri na mfanyakazi mwenye akili hapigi kura. Mwaka 1972, bila ya kueleza kilichobadilika, kilisimamisha mgombea wa urais. Waliambiwa kwamba uchaguzi bado ni ulaghai, ila ni jukwaa zuri la kuwaambia watu kwamba ni ulaghai. Kule chama kidogo hakiingii kwenye karatasi ya kura hivi hivi. Lazima kikusanye sahihi za maelfu ya watu, jimbo baada ya jimbo. Basi Nadhir, akitoka kiwandani na vumbi lake, alisimama nje ya maduka kwenye theluji na ubao kifuani, akiomba sahihi. Wengine walimtemea mate. Wengine walitia sahihi ili waondokane naye.

Mwaka ule ule rais wa Marekani alikwenda Peking, akapokewa kwa karamu na wale wale ambao chama kiliwaita walimu wa dunia. Nadhir alikwenda kwa katibu wa chama mjini kwao kuuliza wawaambie nini watu. Katibu akamjibu, "Komredi, wewe kusanya sahihi." Katika uchaguzi walipata kura zisizofika elfu tisa nchi nzima ya Marekani. Gazeti lao likaandika kwamba umma umeamka.

Mwaka 1970 marehemu alikuwa amemuoa Lorraine, mwanachama mwenzake, na mwaka 1971 walijaaliwa mtoto wa kike. Nadhir alimpa jina la bibi yetu, Wadha. Kwa ndoa hiyo alipata uraia, na kwa uraia huo chama kikamsimamisha yeye mwenyewe mwaka 1974 kugombea kiti cha bunge la jimbo, katika mtaa aliokaa.

Hapa itanibidi nijitaje. Sisi tulikuwa tumeshatoka Dubai, tumerudi hapa Ibra baada ya nchi kuwafungulia mlango waliokuwa nje, na mwaka 1971 mimi niliingia jeshini. Mnajua vita vya Dhofar, kusini ya nchi hii, na mnajua waliopigana upande wa pili, dhidi ya serikali, walifuata itikadi ile ile ya kina Nadhir. Machi 1974, katika milima ya juu ya Salala, nilikanyaga bomu lililotegwa ardhini. Mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu, Humoud, kijana wa Bidiya, alifariki pale pale. Mimi nilikatwa mguu wa kushoto chini ya goti.

Bendera ya Kazi ilikuwa na msimamo juu ya Dhofar. Watu ambao wasingeweza kuionyesha kwenye ramani waliandika kwamba askari wa serikali ya Oman ni vibaraka, na kwamba kila bomu linalolipuka kule ni hatua ya ukombozi. Aliyewaandikia maneno hayo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na asili ya huku, ni ndugu yangu.

Mama alirekodi kaseti, kama tulivyokuwa tukifanya sote zama zile, akampa mtu aliyekuwa akisafiri. Ilizunguka miezi kwa sababu chama kilikuwa kikimhamisha Nadhir nyumba hadi nyumba. Ilimfikia Oktoba, uchaguzi umekaribia. Kazija alikuwepo mama aliporekodi na anayakumbuka maneno: "Nadhir mwanangu, ndugu yako Marhoun amekatwa mguu. Yu hai. Anakuuliza kila siku. Niletee sauti yako nimsikilizishe."

Nadhir aliisikiliza, akaenda kwa katibu. Jioni ile palikuwa na mkutano wa kampeni, na yeye mgombea alitakiwa asome tamko la chama, pamoja na sehemu ya Dhofar. Aliomba sehemu ile isomwe na mtu mwengine. Akaeleza sababu. Katibu alimuuliza mbele ya kamati, "Komredi, ndugu yako ni nani? Yule uliyezaliwa naye, au tabaka lako?"

Nadhir akajibu, "Tabaka langu."

Akapanda jukwaani, akasoma yote. Hakupeleka sauti yake kwa mama. Hakupeleka mwaka ule wala miaka mitatu iliyofuata.

Katika uchaguzi ule alipata kura mia mbili na kidogo. Bibi mmoja mzee, jirani yake, alimsimamisha mlangoni akamwambia, "Nilikupigia wewe, kwa sababu hunibebea mizigo yangu ngazini. Chama chako sikijui wala sikitaki." Marehemu alikuwa akipenda kuihadithia hiyo. Alisema katika miaka yake yote ndani ya chama, ile ndiyo kura pekee aliyoijua ilikotoka.

Mwaka 1976 walisimamisha tena mgombea wa urais, wakaingia kwenye karatasi ya kura ya majimbo manne, na waliowapigia kura wote wangeenea kiwanja kimoja cha mpira, na viti vikabaki. Kisha Albania ikagombana na Uchina, na Bendera ya Kazi, iliyokuwa na wanachama wachache kuliko waliokuja hapa sablani, ukumbini kwetu humu, leo asubuhi, ikapasuka vipande viwili mwaka 1978: waliobaki na Peking na waliokwenda na Tirana, yaani Albania. Lorraine alibaki na Peking. Nadhir alikwenda na Tirana. Kila kipande kikatoa amri kwamba komredi wa kweli halali nyumba moja na msaliti. Watu wazima wawili, wenye mtoto wa miaka saba, wakatengana kwa sababu ya nchi ambazo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzikanyaga. Wadha alikwenda na mama yake.

Nilimuuliza siku moja, "Kaka, hukuona kama ni wazimu?" Akasema, "Niliona. Lakini nilikuwa nimeshalipa baba, nimelipa wewe, nimelipa mke. Mtu akilipa hivyo, huogopa kuambiwa kwamba alichonunua hakipo."

Mwaka 1980 kipande chake kilisimamisha mgombea kwa mara ya mwisho, katika majimbo mawili. Kura hazikufika elfu nne. Usiku wa matokeo katibu aliwaambia kwamba kosa ni la makomredi waliokusanya sahihi kwa moyo dhaifu, akamtaja Nadhir kwa jina. Nadhir alisimama, akachukua koti lake, akatoka. Hakuna aliyemfuata. Miaka kumi na minne, na hakuna aliyemfuata hata mpaka barabarani.

Alishuka uwanja wa ndege wa Seeb tarehe 19 Juni 1981, na sanduku moja. Alijibu maswali aliyoulizwa na wahusika, hakuficha kitu, akaruhusiwa kukaa. Mama alipomwona mlangoni hapa Ibra alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama anakagua tikiti maji. "Umekonda," akasema. "Chama hakipiki?" Ndipo wote wawili wakalia.

Mimi sikulia. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, mama na Kazija wakiwepo, nilivua mguu wa bandia nikauweka juu ya mkeka baina yetu.

"Nadhir," nikamwambia, bila ya kumwita kaka. "Tumesikia kwa wasafiri kama ulisoma karatasi juu yetu sisi askari. Siku uliyoisoma, ulijua?"

Angeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angemkatalia. Akasema, "Nilijua. Kaseti ya mama ilikuwa mfukoni mwangu."

"Ilikuwa mfukoni?"

"Mfuko wa shati. Huu hapa."

Mama alisema, "Ya Rabi," akafunika uso kwa kanga.

"Kwa nini hunidanganyi?" nikamuuliza. "Nidanganye, tuishi."

Akasema, "Nimewadanganya watu miaka mingi, Marhoun. Wewe sitakudanganya."

Nilivaa mguu wangu nikatoka. Tangu siku ile sikumwamkia. Mtu mkubwa wangu kwa miaka minane, tunapishana ukumbini kwa mama yetu, nisimwambie shikamoo. Watu wa mtaani waliliona jambo hilo na walinipa haki yangu. Na mimi bado naona nilikuwa na haki.

Mwaka 1982 marehemu alipata kazi ya mkalimani katika hospitali moja ya Nizwa. Madaktari walikuwa Wahindi na wageni wengine wasiojua Kiarabu, na wagonjwa walikuja kutoka kila upande, kutoka Sinaw, kutoka Jabal al Akhdar. Kiarabu chake mwanzoni kilikuwa cha kuchekesha. Alimwambia mzee mmoja mwenye maumivu ya tumbo, kwa herufi moja aliyoikosea, kitu ambacho sitakisoma hapa mbele ya mama zangu. Mzee yule alicheka mpaka daktari akadhani amepona. Lakini alijifunza. Alikuwa akikaa na wagonjwa hata baada ya saa zake kwisha, akiwaeleza dawa mara ya pili na ya tatu. Sikusikia hata mara moja kwamba alimhubiria mtu habari za matabaka.

Huko Nizwa, mwaka 1983, alimuoa Bi Shukriya, mjane, ambaye jamaa zake walirudi kutoka Bujumbura. Alimweleza yote kabla ya kumposa. Bi Shukriya alimjibu, "Mimi nimewahi kuishi na mume mlevi. Chama kimekwisha, pombe haiishi. Njoo kwa baba." Mwaka 1984 walijaaliwa mtoto wa kiume, Amour.

Sasa nawajibu wanaouliza kuhusu sala. Ni kweli kwamba aliacha. Chama kilimwambia dini ni dawa ya kulevya watu, na aliporudi hakusali, na alikuwa akitoka nyumbani wakati wa sala ili mama asimwone. Mwisho wa mwaka ule wa 1983 aliletwa hospitali mzee mmoja kutoka Jabal al Akhdar, jamaa zake wamekwama njiani, mvua imeshusha wadi, mto wa bondeni umejaa. Mzee alikuwa anakata roho. Daktari Mhindi alimwambia Nadhir, "Anasema nini? Nitafsirie." Mzee alikuwa anasema, "Nitamkisheni shahada." Hapakuwa na Mwislamu mwengine chumbani. Nadhir alituambia kwamba hakuwa ameyatamka maneno yale kwa miaka kumi na sita, na alikhofu atakwama kati. Aliinama sikioni kwa mzee, akayatamka, na mzee akayafuata, akafa. Daktari akauliza tena, "Alisema nini?" Nadhir alikwenda bombani akatawadha, akatafuta upande wa kibla. Tangu siku ile hakuacha, na wenzake wa msikiti wa Nizwa wapo hapa, waulizeni. Basi yule aliyesema mkomunisti haswaliwi, amejibiwa.

Mwaka 1984, mwezi wa Machi, mguu wangu ulitunga usaha pale palipokatwa. Homa ilinishika, nikapelekwa Nizwa, kwa kuwa huko ndiko alikokuwa daktari wa mifupa. Nilipoingia chumbani, mkalimani aliyekuja ni ndugu yangu. Nilitaka kuomba mwengine. Hakukuwa na mwengine.

Daktari akauliza, Nadhir akanigeuzia kwa lugha yetu, mimi nikaujibu ukuta. Unaumwa wapi, tangu lini, unalala? Kisha daktari akauliza mguu ulikatika vipi. Nadhir aligeuza swali kwa sauti ile ile ya kazi. Nikasema, "Mwambie wewe. Wewe ndiye unayejua."

Alidhani sijui Kiingereza. Nilikuwa na maofisa wa Kiingereza jeshini miaka mitatu. Si kingi, lakini kinanitosha. Nadhir alimgeukia daktari akamwambia: Mtu huyu ni ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja. Alikanyaga bomu Dhofar. Waliolitega mimi nilikuwa nikiwashangilia Marekani, jukwaani, na nilijua kwamba ndugu yangu ndiye aliyekatika. Alikuwa anaulizia hali yangu, na mimi nilisema yeye si ndugu yangu.

Daktari aliweka kalamu chini. Jibu lililotakiwa ni neno moja, bomu. Mengine yote hakuna aliyemlazimisha.

Nikamwambia, "Shikamoo, kaka."

Aliitika, "Marahaba," akageuka kuangalia dirisha. Daktari akasubiri mpaka Nadhir akaweza kuendelea na kazi.

Salamu si msamaha, na nyinyi watu wazima mnalijua hilo. Lakini tulianza kuzungumza. Kila mwisho wa wiki alikuja Ibra na mkewe na mtoto, na mengi niliyoyasoma hapa aliyasema katika ziara hizo, mama akimkatiza kila mara kumtaka ale. Nilimpeleka Salala mwaka 1986. Nilitaka aione milima ile kwa macho yake. Huko nilimkutanisha na mtu mmoja aliyekuwa upande wa pili, aliyeshuka mlimani na kusamehewa, sasa ana kazi yake na watoto wake. Mtu yule alikuwa ameshaniomba radhi zamani, kwa kinywa chake, juu ya kahawa. Nadhir alimuuliza, "Nyinyi mlikuwa mkisikia habari zetu kule Marekani? Chama chetu, Bendera ya Kazi?" Yule bwana akafikiri kwa adabu, akasema, "La wallahi. Ndio kwanza nasikia." Marehemu alicheka kicheko ambacho sikupata kukisikia kwake kabla wala baada, kicheko kirefu, mpaka kikageuka kikohozi.

Kikohozi hicho ndicho kilichomuua. Vumbi la chuma la Detroit lilikuwa limekaa mapafuni miaka yote. Katikati ya mwaka 1987 alianza kushindwa kupanda ngazi, na Desemba aliacha kazi. Tulimhamishia Ibra, chumba cha mbele kwa mama. Mimi na Bi Shukriya tulipokezana kumkalisha apumue. Siku moja alasiri alinishika mkono akasema, "Marhoun, niwie radhi."

"Kwa lipi?" nikamuuliza, maana nilitaka alitaje.

"Kwa jibu nililompa katibu."

Nikamwambia, "Nimekuwia radhi, kaka." Nilimwambia akiwa na akili zake na mimi nina zangu, na mama alikuwa pale akichambua mchele, aliacha, kisha akaendelea.

Marehemu alifariki Alkhamisi, tarehe 11 Februari 1988, Mfungo Tisa mwaka 1408, baada ya sala ya alfajiri, mama akimsomea Yasin na Kazija amemshika miguu. Alizikwa siku hiyo hiyo hapa Ibra.

Ameacha mama yake, Bibi Mahbouba. Mkewe, Bi Shukriya, aliye edani. Binti yake Wadha, mwenye miaka kumi na sita, aliyeko Marekani. Mwanawe Amour, wa miaka mitatu. Dada yake Kazija, na mimi.

Juzi Kazija alipiga simu Marekani. Lorraine alilia sana, akasema Wadha atakuja kuzuru kaburi la baba yake skuli zikifungwa, na atafikia kwetu, ni nyumba yake. Kisha Kazija akapiga nambari ya zamani ya ofisi ya Bendera ya Kazi, akidhani ni wajibu kuwajulisha watu waliokaa naye miaka kumi na minne. Simu ilipokewa na mwanamke wa duka la kufulia nguo. Hakujua chama chochote. Lakini alimuuliza Kazija nani amekufa, na alipoambiwa ni ndugu yake, akampa pole.

Ndugu zangu, yeyote miongoni mwenu aliyekosewa na Nadhir, kwa neno au kwa kitendo, namwomba amwachilie kabla hamjanyanyuka hapa. Msiseme hamna uwezo. Mnaniona mimi nilivyosimama. Ama chama kile, sikukiwia radhi, wala sidhani kama yupo aliyebaki wa kuniomba.

Mola ampokee Nadhir bin Musabbah, amfutie aliyoyasema na aliyonyamaza, ampe pumzi asiyokuwa nayo, na amkutanishe na baba yetu fundi saa. Amin.